Bunduki ya Wenzo

Mhariri wa jarida hili la Chama cha Kiswahili ameniandikia barua akinitaka mimi, mwanachama wa zamani, nichangie insha juu ya chombo nilichokitamani nisikipate. Nilidhani ni jambo jepesi. Nikawaza niandike habari za baiskeli, maana kila mvulana wa Likoni wa zamani zetu alitamani baiskeli. Lakini nilipofungua kamusi yangu nitafute neno, ikaanguka karatasi iliyokunjwa mara nne, imekuwa rangi ya chai. Ni ukurasa uliochanwa kitabu cha mauzo cha Kimarekani, una picha za bunduki tatu. Basi nikajua baiskeli itangoja.

Ukurasa ule nilikuwa nikimsomea mjomba wangu mwaka 1998, nikiwa kidato cha tatu. Tulikuwa tukichagua bunduki ya kuulia nguruwe.

Kwetu ni upande wa ndani wa Mtongwe, njia ya kuelekea Mwangala, kabla mji haujafika kule. Leo ukipita barabara ya Dongo Kundu waona malori na mawe ya msingi, na kijana wa leo akiambiwa hapa palikuwa na nguruwe mwitu hucheka. Naam, walikuwako. Nyanya yangu alikuwa na shamba la mihogo na mahindi, minazi kumi na mmoja, na mikorosho miwili iliyozaa ikipenda. Karo yangu ilitoka ndani ya mihogo ile. Kila muhula Nyanya aling'oa, akapakia magunia mkokotenini mpaka sokoni Likoni, akarudi na noti zilizofungwa pembeni mwa leso. Sasa mihogo ikiliwa na mnyama, ilikuwa imeliwa shule yangu. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi kiasi hicho.

Watu wengi humchanganya nguruwe mwitu na ngiri. Ngiri ni mtu wa mchana, hukimbia mkia ameusimamisha kama mlingoti. Nguruwe mwitu ni wa usiku. Ana manyoya marefu, masikio yenye vishungi nchani, na mkia wake hulala. Mchana kutwa hujificha vichakani, na jua likizama hutoka kwa kundi, madume na majike na watoto. Hafanyi kama tumbili achumaye akaenda zake. Yeye hulima. Hutia pua chini ya shina la muhogo akalipindua, akatafuna nusu ya kiazi, akaacha nusu, akaenda shina la pili. Asubuhi ukiingia shambani wadhani limepitiwa na trekta la mlevi.

Lakini kabla ya Agosti 1997 hatukuwa tukiwaogopa sana, na sababu ni mtu mmoja.

Alikuwa jirani yetu, mtu wa bara, kazi yake kukata mawe timboni. Tukimwita Fundi. Alikuwa na mbwa wanne wembamba, mbavu nje, ambao mchana walilala kama magunia matupu na usiku wakawa watu wengine. Nguruwe wakikaribia tulisikia mbwa wakitoka kwa Fundi, wakikata shamba letu moja kwa moja hadi vichakani, halafu Fundi mwenyewe na mkuki wake, akipiga miluzi. Aghalabu nguruwe walikimbia tu. Mara nyingine hawakuwahi. Wakati huo sisi tulijifunika shuka kichwani. Nyama ile sisi haituhusu kwa dini yetu, na tena uwindaji umepigwa marufuku Kenya nzima tangu Mei 1977, kwa hiyo hapakuwa na aliyeuliza kitu. Nyanya alimpa Fundi nazi, Fundi akatujengea ukuta wa choo kwa mawe ya timboni bila ya kutaka senti. Mbwa wake hawakuruhusiwa kuvuka mkorosho wa kwanza, na walijua. Sijui aliwafundishaje.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Wasomaji wazee wanajua yaliyofuata, na vijana yafaa wayasome. Watu wa bara waliokuwa wakiishi Likoni walishambuliwa, nyumba na vibanda vikachomwa, maelfu wakakimbilia kanisa Katoliki la Likoni na wengine wakavuka feri na kilichokuwa mikononi. Wavamizi wengine walikuwa vijana wa makwetu, nasi tuliwajua kwa sura. Fundi aliondoka usiku wa pili. Kabla ya kuondoka alibisha mlangoni petu.

Nitarudi hapo.

Basi Fundi akaenda, na mbwa wakatawanyika. Mmoja, yule mwenye doa jicho la kushoto, alibaki karibu na mkorosho siku sita. Nyanya alimwekea ugali ndani ya kifuu, mbali, akimsukumia kwa fimbo. Siku ya saba hakuonekana tena. Oktoba ikaingia mvua ya El Niño, ikanyesha hadi mwaka 1998, mashimo ya choo yakafurika, vichaka vikawa msitu. Na nguruwe wakaja. Walikuja kwanza wawili watatu, kisha kundi zima. Mwezi Aprili nilihesabu mashina 63 yaliyopinduliwa usiku mmoja.

Tulijaribu yote. Tulipiga madebe, wakayazoea. Tuliwasha moto pembe nne za shamba, kuni zikatushinda. Tulichimba shimo la mtego, akaingia mbuzi wa mwalimu wa madrasa, nasi tukamlipa. Nikajengewa dungu katikati ya mihogo, nikawa nalala huko na tochi na kitabu cha kemia, nikizomea giza. Uta wa marehemu babu ulikuwako, upote wake umekauka, na hata ungekuwa mzima, nani angethubutu? Msitu wa Kaya Bombo haukuwa mbali, na ilikuwa imesemwa kila mahali kwamba wavamizi walijificha na kufunzwa mle. Mwaka ule mtu akionekana usiku na uta na mishale upande wetu wa Likoni, hakuulizwa anawinda mnyama gani.

Hapo ndipo Mjomba alipokuja na kitabu.

Mjomba alikuwa kibarua bandarini Kilindini. Kitabu alikiokota kwenye takataka za meli, kimelowa mafuta ya taa, akakikausha juu ya paa. Yeye Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini, cha kuita na kukataa. "Ndoo hapa, msomi," akaniambia. "Nisomee. Serikali haikusomeshi bure."

"Serikali hainisomeshi, Mjomba. Nyanya ndiye anisomeshaye."

"Basi msomee nduguye mamako. Hii yasema nini?"

Alikuwa ameona senema nyingi za wachunga ng'ombe wa Kimarekani, na jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwa bunduki zile zenye kipete cha chuma chini, mahali pa kutia vidole. Nikatafuta neno lake katika kamusi, nikapata "wenzo". Mwalimu wa fizikia alikuwa ametufundisha nyenzo muhula ule ule: mtaimbo, kifungua chupa, toroli, na kila mmoja egemeo lake liko wapi. Sikuwahi kufikiri ningelipata somo lile katika bunduki. Nikamweleza Mjomba kwa kijiti: ukishusha wenzo, ganda tupu linatoka na nyundo inajikaza, ukiurudisha juu, risasi mpya inasukumwa ndani. Huondoi kitako begani. Huhitaji kugeuza komeo kama katika bunduki nyingine. Risasi zenyewe hukaa zimepangana ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine.

"Kama abiria wa matatu," akasema Mjomba.

Kisha nikasoma sehemu iliyompendeza kuliko zote. Kwa kuwa risasi zimepangana hivyo, ncha ya moja hugusa tako la iliyo mbele yake, ambapo pana fataki ya kuwashia baruti. Ncha ikiwa kali, bunduki ikitikiswa vibaya, yaweza kuwasha ile ya mbele. Ndiyo maana risasi za bunduki hizi zilifanywa bapa nchani. Mjomba alinyamaza, akapiga paja. "Wallahi, wenye akili walikaa wakafikiri!" Usiku ule alinisimulia hilo tena mara mbili, kana kwamba ni yeye aliyenieleza mimi.

Basi tukaanza kuchagua. Tulichagua kwa wiki nne, kila jioni, chini ya taa ya chemli, Nyanya akisuka makuti pembeni akijifanya hasikii.

Ya kwanza ukurasani ilikuwa Winchester ya mwaka 1894, kazi ya fundi John Browning, yenye risasi iitwayo 30-30. Ya pili ilikuwa Marlin 336, iliyotoka mwaka 1948, nayo yala risasi ile ile. Ya tatu ilikuwa Marlin nyingine, nzito, ya risasi 45-70, nene kama kidole cha mtoto. Kwa kuanza Mjomba alitaka ile nene. Nguruwe dume, alisema, ana ubao begani. Risasi ndogo itamkasirisha tu, naye akikasirika hupasua mguu wa mtu kwa pembe zake za mdomoni. Hilo la mwisho ni kweli kabisa. Nilimwona mbwa mmoja wa Fundi alivyopasuliwa.

Mimi nilitetea 30-30. Nilikuwa nimekwenda mchana kupima kwa hatua: kutoka dungu hadi ukingo wa kichaka wanakotokea ni hatua 14. Yaliyoandikwa kitabuni ni kwamba bunduki ile yafaa hadi mita 150 hivi. Sisi hatukuwa na shida ya umbali. Shida yetu ilikuwa giza, wingi wao, na vichaka. Twahitaji bunduki fupi isiyonasa matawini, nyepesi, kama kilo 3, na iwezayo kupiga mara ya pili kabla kundi halijapotea. Ile ya 45-70 ingemrusha Mjomba kutoka dungu hadi Changamwe. Alicheka, lakini alilifikiria. Kesho yake alinijia na hoja yake mwenyewe, na nakiri ilikuwa bora kuliko zangu: tupigie kutoka juu ya dungu tukielekeza chini, ili risasi ikimpita mnyama izame udongoni.

"Na ikimkosa?" akauliza Nyanya. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

"Yazama vilevile, mama."

"Na usiposhika vizuri, yaenda wapi?"

Tukatazamana. Nyuma ya kichaka kile palikuwa na njia ya msikitini, kisha nyumba za watu. Mjomba akasema ndiyo sababu ya kuchagua vizuri. Nyanya akarudi kwa makuti yake.

Kati ya Winchester na Marlin palizuka mjadala mrefu ambao sitauandika wote, mhariri atanikata. Kwa ufupi, Winchester za zamani hutupa ganda juu, Marlin hulitupa ubavuni. Mjomba aliipenda Marlin kwa hilo, akisema ganda la moto likirushwa juu gizani litamwangukia shingoni. Rafiki yake wa bandarini, aliyealikwa siku moja kama hakimu, akatuambia sote tu wajinga: kwa nguruwe wa hatua 14, bunduki ya marisau yatosha na yazidi. Huenda alikuwa na haki. Hakualikwa tena.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba bunduki ya wenzo si ngeni Mombasa hata kidogo. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka hapa Kilindini mwezi Aprili 1909 kwa safari yake ya kuwinda, na mojawapo ya bunduki zake ilikuwa Winchester ya mwaka 1895, ambayo ni ya wenzo, ila risasi zake hukaa ndani ya kijisanduku badala ya bomba, kwa hiyo hata za ncha kali zafaa. Aliitumia kwa simba na kuisifu mno katika kitabu chake. Alipanda gari la moshi akaenda zake bara. Nilipoyasoma hayo nilitamani kumwambia Mjomba kwamba bunduki yake ilipita bandarini pake kabla yeye hajazaliwa, tena labda bila ya mtu kuiuliza kibali. Lakini Mjomba alikuwa ametangulia mbele ya haki.

Kibali! Hapo ndipo palipokuwa na mwamba. Sheria ya silaha ya Kenya inamtaka muombaji aonyeshe sababu ya kutosha, na asiwe mlevi wala mwenye akili isiyotimamu. Mjomba hakuwa mlevi. Lakini mwanamume wa Mtongwe, kibarua, kwenda kuomba kibali cha bunduki mwaka 1998, ilhali bunduki zilizoibwa kituoni zilikuwa bado zikitafutwa nyumba kwa nyumba! Hata kuulizia tu ni kujipeleka. Bei nayo niliigeuza kwa shilingi 60 kwa dola, ikazidi karo yangu ya mwaka mzima. Na hata angepata yote mawili, kuwinda kumekatazwa. Nilimweleza haya polepole, nikidhani atakitupa kitabu.

Hakukitupa. Aliendelea kuchagua kama kwamba sikusema kitu, na mimi, msomaji, nikaendelea kumsomea. Nadhani sote wawili tulijua. Kuchagua kulikuwa kukitushughulisha.

Siku moja akaja na kipande cha mwembe. Akasema ataka kujua kama urefu wa mtutu utapita vichakani au utanasa. Tukijua hilo tutajua ni ipi. Alichonga jioni tatu. Alikuwa na mkono wa sanaa, hilo sikulijua. Kitako, nyundo, bomba chini ya mtutu, vyote. Wenzo aliufunga kwa msumari ukawa wacheza juu na chini, kak, kak. Akaupaka masizi na mafuta ya nazi. Ukiwa hatua tano huwezi kujua.

Nyanya alipouona alisema neno moja tu: "Toa."

Hatukuutoa. Usiku wa Ijumaa, baada ya isha, mimi nilipanda dungu na Mjomba akaingia vichakani na bunduki yake ya mwembe, ajipime. Nilikuwa nimevaa sweta ya shule kwa ajili ya baridi. Nasikia matawi yakivunjika, na Mjomba akininong'onezea, "Yapita! Yapita vizuri!" Mara mwanga ukaja kutoka upande wa njia. Mwanga mwingi. Sauti ikasema tusimame tulivyo, kisha ikasema tulale chini.

Walikuwa askari wa doria, sita au saba. Nilishuka dungu nikalala kifudifudi, uso ndani ya tuta. Mjomba alitoka kichakani mikono juu, na ole wetu, bunduki ilikuwa bado imo mkononi. Nilisikia vyuma vyao vikikokwa. Sauti hiyo haifanani na kak, kak ya msumari. Nilipiga ukelele, "Ni mti! Ni mti, afande! Ni ya mti!" na sauti yangu ikatoka nyembamba kama ya mtoto wa madrasa.

Hawakupiga. Namshukuru Mungu mpaka leo, na yule askari pia, yeyote aliyekuwa, aliyengoja nukta moja zaidi. Akaichukua, akaipima uzito, akachezesha wenzo. Hapana aliyecheka. Watu wawili usiku, karibu na Kaya Bombo, na mfano wa bunduki uliopakwa masizi: ungekuwa wewe ungefikiri nini? Tukaulizwa tunamfunza nani. Mjomba alisema nguruwe. Nguruwe gani? Wa mihogo. Tukaambiwa tusifanye wenzetu watoto. Mmoja akatumwa kwa mzee wa mtaa, na waliobaki wakazima tochi, wakakaa kimya, nadhani wakingoja wenzetu watokee.

Ndipo walipotokea.

Kwanza tulisikia kichaka kikichanuka. Kisha mguno mmoja, wa chini, kama mtu mzima akijinyoosha. Kisha mashina yakaanza kupinduliwa, trru, trru, na meno kutafuna muhogo mbichi, pale pale, hatua 14 kutoka tulipolala. Hakuna aliyesema kitu. Nilihesabu mashina matano kwa masikio.

"Nini hiyo?" akanong'ona askari mmoja.

"Ndio wenyewe, afande," akasema Mjomba, mdomo ndani ya udongo.

Tochi zikawashwa kwa pamoja. Walikuwa tisa. Dume lao lilisimama likatutazama, manyoya ya mgongoni yamesimama, taya jeupe kwa utomvu wa muhogo, likatufikiri, likageuka. Mkia umelala. Wengine wakalifuata, na kichaka kikafunga.

Mzee wa mtaa alipofika alitukuta tumekaa, askari wamesimama wakiangalia mashimo. Akatuthibitisha. Yule mwenye bunduki ya mwembe aliivunja gotini vipande viwili akamrudishia Mjomba, akamwambia, "Ungekufa kwa kuni, mzee." Hakusema kwa ubaya.

Asubuhi Nyanya aliinjika chai kwa vipande vile. Tulikunywa. Mjomba alikuwa ametia macho kikombeni. Nyanya akasema, taratibu, kama mtu aulizaye bei ya samaki:

"Wiki nne mwachagua. Mwachagua kile, mwachagua hiki. Na yule tuliyekuwa naye, mbona hamkumchagua?"

Sasa narudi mlangoni. Usiku ule wa pili, Agosti, Fundi alibisha mara tatu na kuita jina la Mjomba. Mjomba alikuwa amekuja kulala kwetu kwa sababu ya hatari. Alikuwa amekaa nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake na nilimwona kwa mwanga wa kibatari. Nyanya alikuwa Ng'ombeni kwa matanga. Vijana walikuwa wamepita alasiri wakionya kila nyumba: atakayewaficha watu wa bara naye atahesabiwa. Fundi hakubisha mara ya nne. Alisema tu, "Haya, basi, jirani," na tukasikia miguu yake na ya mbwa. Sikumlaumu Mjomba wakati ule na sijui kama namlaumu sasa, kwani mkono wangu nao ulikuwako, ungeweza kufika kwenye komeo. Hatukuwahi kulisema jambo hilo. Nyanya alilijuaje? Sikumuuliza. Labda Mjomba alimwambia. Labda ukuta wa choo ulimwambia.

Jumapili ya pili Mjomba alivaa kanzu safi, akatia nazi kumi kikapuni na muhogo uliosalimika. Alikuwa amesikia bandarini kwamba Fundi yu Changamwe, amepanga chumba, anakata mawe Miritini. Alikuwa amejua tangu Januari. Nyanya, kwa upande wake, alikuwa amekwenda kwa mwalimu wa madrasa, yule yule wa mbuzi, kumuuliza habari ya mbwa, akajibiwa kwamba mbwa wa kulinda shamba, mifugo au wa kuwinda hana tatizo, maadamu hakai ndani ya nyumba. Hakutuambia alichoulizia. Alituambia tu jibu.

Mjomba alirudi magharibi. Kikapu kilikuwa kimefunikwa leso, na leso ilikuwa ikilia. Alisema katika feri watu walimpisha pande zote kama gavana. Sikumuuliza yaliyosemwa Changamwe, naye hakunisimulia ila hili: kwamba Fundi alifungua mlango kwa bisho la kwanza, akamtazama kwa muda, kisha akamwuliza kama mihogo imeota.

Nyanya alisimama mlangoni akafunua leso kwa ncha ya fimbo. Kijibwa kilikuwa chembamba, mbavu nje, kina doa jicho la kushoto.

"Na mwenyewe yuaja lini?" akauliza.

Mjomba akasema hajui. Alimwambia aje, naye akasema ataangalia.

Nyanya akaingia ndani. Tukamsikia akipekua jikoni, kisha akatoka na kile kifuu, akakipangusa kwa upindo wa leso yake, akaenda kukiweka chini ya mkorosho wa kwanza.